Dhamira Tegemezi katika Kiswahili, Kinyakyusa na Kihispania: Suala la Kiishio -e na Ufundishaji Wake Mbugani, Kyela

1.0 Utangulizi

Sentensi "mlalamikiwa alipa gharama" na sentensi "mlalamikiwa alipe gharama" zinatofautiana kwa irabu moja. Ya kwanza inaarifu. Ya pili inaamuru. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, irabu hiyo imebeba mzigo mzito zaidi kuliko zamani, kwa kuwa juu yake husimama amri inayoweza kumtoa mtu shambani mwake au kumrudisha. Hata hivyo, katika madarasa mengi dhamira inayowakilishwa na irabu hiyo hufundishwa kwa kanuni fupi sana: ondoa -a mwishoni, weka -e. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo haitoshi, na kwamba mtoto wa Mbugani, katika tambarare ya Kyela iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huingia darasani akiwa na ujuzi wa dhamira hii ambao mwalimu aghalabu hauoni.

Wanasarufi wa Kiswahili wameiita dhamira hii kwa majina mbalimbali. Wako waliopendelea matilaba, kwa kuwa huonyesha haja au matakwa. Wengine wameiita tegemezi, kwa kuwa kitenzi chake aghalabu hutegemea kitenzi kingine. Hapa jina la pili ndilo linalotumika. Sababu yake itadhihirika katika sehemu ya 4.0, ambapo itaonekana kuwa si kila kitenzi chenye -e hueleza haja ya mtu.

Kihispania kimeingizwa katika ulinganisho huu kwa makusudi. Si lugha ya Kibantu, wala hakina undugu wowote na Kiswahili, lakini kitenzi chake cha kawaida hubadili irabu ya mwisho katika dhamira hii kwa namna inayoshangaza kwa kufanana. Aidha, si lugha ngeni barani Afrika: ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, ambako Wafang na Wabubi huzungumza lugha za Kibantu majumbani mwao. Kulinganisha lugha ndugu na lugha isiyo ndugu husaidia kutenganisha mambo yaliyorithiwa na mambo yanayotokana na mantiki ya dhamira yenyewe.

2.0 Umbo la kawaida

Kitenzi kulima kinafaa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, mzizi wake ni wa Kibantu na unapatikana katika Kinyakyusa pia. Pili, ndiyo kazi ya Mbugani: mpunga na kakao. Katika Kihispania kitenzi cha maana hiyo ni cultivar, ambacho hufuata kanuni bila mkengeuko wowote. Maumbo ya wakati uliopo katika dhamira tegemezi ni haya:

Kiswahili: nilime, ulime, alime, tulime, mlime, walime.
Kinyakyusa: ndime, ulime, alime, tulime, mulime, balime.
Kihispania: cultive, cultives, cultive, cultivemos, cultivéis, cultiven.

Kufanana kwa Kiswahili na Kinyakyusa hakuhitaji maelezo marefu. Meeussen (1967), katika kazi yake ya kuunda upya sarufi ya Mame-Bantu, alikihesabu kiishio hiki cha -e kuwa ni cha asili. Kila lugha imekirithi kwa njia yake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika Mame-Bantu irabu hiyo haikuwa peke yake; iliandamana na toni ya juu. Kiswahili kimepoteza toni, na Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, nacho kimeipoteza. Kwa hiyo, katika lugha zote mbili irabu imebaki kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na viwili.

Kufanana na Kihispania ni kwa sadfa tu, na kunadumu kwa kundi moja la vitenzi. Vitenzi vya -ar, kama cultivar, huwa na -a katika dhamira arifu (cultiva, "analima") na -e katika dhamira tegemezi (cultive). Lakini vitenzi vya -er na -ir hufanya kinyume: beber, "kunywa", hutoa bebe katika kuarifu na beba katika dhamira tegemezi, vivir, "kuishi", hutoa vive na viva. Irabu ileile inayoarifu katika kitenzi kimoja huamuru katika kingine. Mwanafunzi wa Kihispania anayekariri kwamba "-e ni alama ya dhamira tegemezi" atakosea mara tu atakapokutana na beber. Anachopaswa kukishika ni ukinzani: umbo la dhamira tegemezi ni lile linalopingana na umbo la kuarifu la kitenzi hichohicho.

Fundisho hilo linakihusu Kiswahili zaidi ya inavyodhaniwa.

3.0 Kitenzi kisichokuwa na -e

Vitenzi vingi vilivyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu havikupokea kiishio cha Kibantu cha -a. Vimebaki na irabu -i, -u, -e au hata -au: rudi, safiri, fikiri, jibu, haribu, samehe, starehe, sahau, dharau. Vitenzi hivi havibadiliki mwishoni katika dhamira tegemezi. Husemwa arudi, ajibu, asamehe, asahau. Mwalimu aliyefundisha kanuni ya "ondoa -a, weka -e" hana la kusema hapa, isipokuwa kuviita vitenzi hivi vighairi. Lakini si vighairi. Mtu anaposema "nataka arudi", kila msikilizaji hutambua dhamira tegemezi pasipo shida. Anaitambua kwa nini?

Anaitambua kwa kile kisichokuwapo. Kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi hakuna kiambishi cha njeo: si -na-, si -li-, si -ta-, si -me-. Hivyo alama ya dhamira tegemezi ya Kiswahili ni mambo mawili kwa pamoja, yaani kiambishi cha nafsi kinachogusana na shina bila njeo katikati, na kiishio -e pale ambapo shina linaruhusu. Jambo la kwanza ndilo la lazima. La pili ni msaada.

Msaada huo unapokosekana, athari zake huonekana. Kiswahili kina njeo ya -a- ya wakati uliopo, ambayo huungana na kiambishi cha nafsi: ni- na -a- hutoa na- (nalima), u- na -a- hutoa wa- (walima), tu- na -a- hutoa twa- (twalima). Lakini pale ambapo kiambishi chenyewe kinaishia na a, muungano huo hauachi alama yoyote. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu umoja kikiungana na -a- hubaki a-; wa- ya wingi hubaki wa-; ya- ya ngeli ya mayai na magari hubaki ya-; pa- ya mahali hubaki pa-. Kwa vitenzi vya Kibantu hakuna hatari, kwa sababu kiishio huamua: alima ni taarifa, alime ni dhamira tegemezi. Kwa kitenzi kama rudi, hakuna cha kuamua. Arudi ya kuarifu na arudi ya kuamuru ni umbo moja, na hata mkazo, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika hali zote mbili, hausaidii.

Vichwa vya habari vya magazeti, ambavyo hupenda njeo ya -a- kwa ufupi wake, huthibitisha hili karibu kila wiki. "Waziri ajiuzulu" yaweza kuwa habari kwamba waziri amekwisha kuacha kazi, na yaweza kuwa wito wa wapinzani wake kwamba aiache. "Wakimbizi warudi kwao" nayo ni hivyohivyo: ama wamerejea, ama wanatakiwa warejee. Msomaji wa gazeti hupata jibu katika aya ya kwanza. Msomaji wa hati ya mahakama hana aya ya kwanza ya kumfafanulia; hati ndiyo yote. Amri inayosema "mlalamikiwa arudi katika shamba la Mbugani" inaweza kusomwa na mtu mwenye nia mbaya kuwa ni maelezo ya jambo lililotokea.

Lugha yenyewe ina njia za kuukwepa utata huu, nazo ni rahisi. Njia moja ni ukanushi, kwa sababu asirudi (tegemezi) na harudi (arifu) haziwezi kuchanganywa. Ila ukanushi hauwezi kutumiwa pale panapotakiwa uyakinishi. Njia bora ni unyambulishaji. Kitenzi cha asili ya Kiarabu kinaponyambuliwa hupata kiishio cha -a, na kwa hiyo hupata -e ya dhamira tegemezi: arudi ina utata lakini arudishe na arudishwe hazina, aharibu ina utata lakini aharibiwe haina. Njia ya tatu ni kutanguliza neno linaloitawala dhamira: "ni lazima arudi", "inaamriwa kwamba arudi". Mwandishi wa sheria kwa Kiswahili hana budi kuzijua njia hizi kama fundi ajuavyo vifaa vyake. Inasikitisha kwamba vitabu vya sarufi vya shule, ambavyo ndivyo msingi wake, havimwandai kwa jambo hili.

4.0 Matumizi

Katika matumizi ya dhamira hii, Kiswahili na Kihispania hukaribiana mahali ambapo mtu hangetarajia, na huachana mahali ambapo angetarajia vikaribiane.

Amri ni mfano wa kukaribiana. Kiswahili kina dhamira amrishi ya uyakinishi, "lima!", lakini hakina ya ukanushi. Anayekataza hana budi kutumia dhamira tegemezi: "usilime!" Kihispania hufanya vivyo hivyo: ¡cultiva! huwa ¡no cultives!, umbo la dhamira tegemezi. Tena, Kihispania kinapomwamuru mtu wa kuheshimiwa hukimbilia dhamira hiyohiyo hata katika uyakinishi: cultive usted. Katika Kiswahili pia "ulime" ni laini kuliko "lima", na "mlime, baba" ni laini zaidi. Kinyakyusa hutumia nafsi ya pili wingi kumpa heshima mtu mmoja mkubwa, na anayezungumza na mzee akasema mulime huunganisha adabu mbili katika neno moja: adabu ya wingi na adabu ya dhamira. Mtoto wa Mbugani anayemwambia mwalimu wake "mkae" hakukosea idadi.

Kauli za kutaka na kuagiza hufuata mpangilio mmoja. Mtendaji akiwa yuleyule, hutumika kitenzi-jina: "nataka kulima", quiero cultivar. Mtendaji akibadilika, huja dhamira tegemezi: "nataka alime", quiero que cultive. Kihispania hudai kiunganishi que, Kiswahili hakidai. Tofauti kubwa zaidi iko katika njeo. Kitenzi kikuu cha Kihispania kikiwa cha wakati uliopita, kitenzi tegemezi nacho hubadilika: quería que cultivara. Kiswahili hakina haja hiyo. "Nataka alime", "nilitaka alime" na "nitataka alime" zote zina alime ileile. Umbo hili halina wakati wake lenyewe. Huazima wakati wa kitenzi kinachoitawala. Huu ndio utegemezi wake.

Hapa panafaa kusahihishwa dhana moja iliyoenea, kwamba dhamira tegemezi hueleza jambo ambalo halijatokea. Ni kweli kwamba "nilimwambia alime" haisemi kama alilima; mtu anaweza kuendelea kwa "akalima" au kwa "lakini hakulima". Lakini katika sentensi "mafuriko ya Mto Kiwira yalimfanya ahame", kuhama kulitokea. Katika "ilibidi wavune mapema", msikilizaji huelewa kuwa walivuna. Kinachounganisha sentensi zote hizi si kutotokea, bali kuwekwa kwa tendo moja chini ya jambo jingine: nia, agizo, sababu, au ulazima. Ndiyo maana jina la matilaba halitoshi, kwa kuwa mafuriko hayana matilaba.

Kihispania huenda mbali zaidi katika njia hii. Huitumia dhamira tegemezi hata kwa jambo la hakika ambalo mtu analionea hisia: me alegra que cultives, "nafurahi kwamba unalima". Huitumia pia kwa shaka: no creo que cultive. Kiswahili hukataa pande zote mbili, na husema "sidhani kama atalima" kwa njeo ya wakati ujao. Vivyo hivyo, pale ambapo Kihispania husema cuando cultives, Kiswahili husema "ukilima" au "utakapolima". Neno ojalá, ambalo Kihispania kililipata kutoka Kiarabu cha Andalusia na lenye jina la Mungu ndani yake, hudai dhamira tegemezi. "Inshallah" ya Kiswahili, iliyotoka katika lugha hiyohiyo, huridhika na wakati ujao: "inshallah atalima". Mwanafunzi anayejifunza lugha moja kupitia nyingine atajikwaa hasa hapa.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina matumizi ambayo Kihispania hakiwezi kuyafuata kwa umbo hilohilo. Swali la kutaka shauri ni mojawapo: "Tulime nini mwaka huu, mpunga au kakao?" Jingine ni lile la kujikinga na baya: "Anueni mpunga usije ukalowa." Kitenzi -ja katika ukanushi wa dhamira tegemezi, kikifuatwa na -ka-, hutoa maana ambayo lugha nyingi huhitaji kiunganishi maalumu kuieleza. Lipo pia la mwendo na kusudi, "twende tukalime", ambalo msemaji wa Kinyakyusa hulipokea kama la kwao kwa kuwa lugha yake nayo hutia ka- kabla ya mzizi ili kuonyesha kwamba mtu anakwenda mahali kutenda: tukalime. Katika jambo hili mwalimu wa Mbugani hana cha kufundisha.

Ana cha kufundisha katika vitenzi vya silabi moja. Kinyakyusa husema alye, "ale", bila kuingiza kitu. Kiswahili husema anakula, atakula, alikula, huku ku- ikibakizwa kuubeba mkazo, kisha katika dhamira tegemezi huiacha ghafla: ale, anywe, aje, afe. Makosa ya "akule" na "anakunywa ili akunywe zaidi" hayatoki katika Kinyakyusa. Yanatoka ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa kuisambaza ku- mahali isipopaswa kuwapo. Husikika hata kwa wasemaji ambao hawajapata kuiona Kyela. Kumwambia mtoto kwamba kosa hilo ni la "lugha ya mama" ni kuisingizia lugha ambayo ingemsaidia kusema sawasawa.

5.0 Alime na alimege

Tofauti inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni hii ya mwisho, nayo haimo katika Kihispania.

Kinyakyusa hutofautisha katika dhamira tegemezi tendo linalotazamwa kama kitu kimoja kizima na tendo linaloendelea au linalorudiwa. Alime ni "alime (mara hii)". Alimege ni "awe analima", yaani iwe ndiyo desturi yake au aendelee nayo. Kiishio hiki ni ndugu wa -aga, ambayo katika lugha hiyo huonyesha mazoea au mwendelezo, na ambayo hupatikana hata katika amri: lima! na limaga! Kiswahili sanifu hakina kiambishi cha kazi hiyo. Hutumia kitenzi kisaidizi: "awe analima", "uwe unafika", "wawe wanasoma". Kuwa hubeba dhamira, na kitenzi cha pili hubeba mwendelezo.

Tofauti ya maana si ndogo. Mwalimu anayesema "ufike saa moja" huzungumzia kesho. Anayesema "uwe unafika saa moja" huzungumzia kila siku. Wasemaji wengi wa Kiswahili cha bara huipuuza tofauti hii na kutumia umbo fupi kwa mambo yote mawili, wakiiachia mazingira kazi ya kufafanua. Mtoto aliyekulia katika Kinyakyusa hajazoea kuipuuza, kwa sababu lugha ya kwao humlazimisha kuchagua kila anapofungua kinywa.

Kiswahili cha mazungumzo kimeanza kuijenga tofauti hiyo kwa njia yake. Umbo -aga la mazoea husikika katika miji na vijiji vingi vya bara: "analimaga", "huwaga". Halina asili moja tu, kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu za bara zinalo. Linalovutia ni kwamba wasemaji hao wameliingiza katika dhamira tegemezi pia: "uwage unalima", "muwage mnafika mapema". Kimofolojia, maumbo haya yamefuata kanuni ya Kiswahili, si ya Kinyakyusa. Kiswahili kimeichanganua -aga kuwa -ag- na -a, kikabadili irabu ya mwisho peke yake, kikapata -age. Kinyakyusa hubadili irabu zote mbili na kupata -ege. Msemaji wa Kyela anayesema "uwage" hajatafsiri limege ya kwao. Ametumia kanuni ya lugha ya pili kwa usahihi, ingawa katika umbo ambalo lugha sanifu haijalikubali.

Katika uandishi wa shule umbo hilo lina haki ya kusahihishwa, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Suala ni linasahihishwa kuwa nini. Mwanafunzi akiandika "Mwenyekiti aliwaambia wakulima walimage mpunga pembezoni mwa mto", mwalimu akafuta "walimage" na kuandika "walime", amesahihisha umbo na kuharibu maana. Wakulima waliagizwa kuwa na desturi, naye ameifanya kazi ya siku moja. Sahihisho linalostahili ni "wawe wanalima". Vilevile katika tafsiri: balime ni "walime", na balimege ni "wawe wanalima". Karani au mkalimani anayeziandika zote mbili "walime" katika kesi ya mpaka wa shamba amebadili ushahidi, maana shahidi aliyesema kwamba babu zake waliruhusiwa balimege alikuwa akitoa ushahidi wa matumizi ya miaka mingi, na karani ameandika ruhusa ya msimu mmoja.